Nihakiki vipi kipindi cha mieleka cha kampuni ndogo?

SWALI: Kila wiki nahakiki kipindi cha televisheni cha mieleka ya kulipwa, cha saa moja, kinachotolewa na kampuni ndogo inayojitegemea. Naandika mapambano yote kwa mfuatano wake, nani kamshinda nani, kisha natoa nyota. Wasomaji wanasema hawaoni tofauti kati ya uhakiki wangu na orodha ya matokeo. Nibadilishe nini? Na nitahukumu vipi mchezo ambao mshindi wake amepangwa kabla ya kengele? Halafu, ni haki kweli kuwabana watu wenye kamera tatu na ukumbi wa watu mia mbili?

JIBU: Wasomaji wako wana hoja. Anayetaka kujua nani kashinda atayapata matokeo kwingineko kwa mistari mitano, dakika chache baada ya kipindi kuisha. Akija kwako anataka kusikia kama ile saa nzima ilifanya kazi yake au ilipita tu. Kwa hiyo kabla hujaita kipande chochote kizuri au kibovu, jiulize kiliwekwa pale kifanye kazi gani, kisha uliandike jibu hilo. Nusu ya malalamiko yatakwisha hapo.

Chukua mfano wa Memphis, Tennessee, miaka ya 1970 na 1980. Kila Jumamosi asubuhi kituo cha WMC kilirusha mieleka mubashara kwa dakika 90 kutoka studio, Lance Russell na Dave Brown wakiwa mezani kama watangazaji. Brown huyohuyo ndiye aliyekuwa mtabiri wa hali ya hewa wa kituo. Mapambano mengi yalikuwa mafupi: staa wa mji dhidi ya mtu ambaye jina lake unalisahau kabla hajashuka ulingoni. Kwa hesabu ya nyota, kipindi kile kilikuwa kinyonge. Lakini kilikuwa na kazi moja, kumtoa mtu nyumbani Jumatatu usiku aende kukata tiketi ukumbi wa Mid-South Coliseum. Ugomvi uliwashwa studio, ukakatizwa kwa makusudi pale ulipoanza kunoga, na aliyetaka kuona mwisho wake alijua pa kwenda. Mhakiki wa kipindi kile angeuliza kama baada ya dakika 90 anajua nani anagombana na nani, kisa nini, na watakutana lini.

Kampuni unayoifuatilia nayo inauza kitu. Huenda ni tiketi za onyesho la mwezi ujao, huenda ni malipo ya kila mwezi ya kutazama mtandaoni, au kipindi chenyewe ndicho bidhaa. Usipolijua hilo utapima samaki kwa rula. NWA Powerrr, kipindi cha kampuni ya NWA ya Marekani, ilipoanza Oktoba 2019, ikirekodiwa studio Atlanta na kuwekwa YouTube, ilirudisha kwa makusudi sura ya studio za zamani: ulingo mmoja, mahali pa mahojiano hatua chache kutoka kwenye kamba, mapambano mafupi, maneno mengi. Kulalamika kwamba "mapambano hayakufika dakika 20" ni kulalamikia kitu ambacho hakikuahidiwa. Hata mkanda wake wa ubingwa wa televisheni uligombewa kwa kikomo cha dakika 6 na sekunde 5, kumbukumbu ya saa ambayo mieleka ya zamani ya Atlanta ilikuwa inaanza hewani, 6:05 jioni kwa saa ya Kizungu. Lucha Underground nayo, iliyorekodiwa Los Angeles kati ya 2014 na 2018, ilikuwa tamthilia ya misimu yenye wahusika wanaouawa na mwanamieleka anayesafiri kupitia nyakati. Anayeuliza kamera imeingiaje ofisini kwa bosi bila bosi kuiona amekosea mlango. Kipindi kile kinahukumiwa kwa kanuni za tamthilia, ukiwemo uvumilivu wa kusubiri kisa kilichopandwa kipindi cha pili kivunwe kipindi cha thelathini.

Sasa kazi ya mikono. Kitazame kipindi mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe wala usirudishe nyuma, kaa kama mtazamaji wa kawaida, na kitu pekee cha kuandika ni dakika ambayo jicho lako lilikimbilia simu. Dakika hizo ni ushahidi, na hutazipata mara ya pili kwa sababu utakuwa unatazama kwa kazi. Mara ya pili chora karatasi yenye safu nne: muda, kilichotokea, kazi yake, na ahadi. Safu ya ahadi ndiyo wengi hawana. Mtu akisema "wiki ijayo nakuja na mwenzangu", iandike. Mtangazaji akisema mshindi wa leo anapata nafasi ya kugombea mkanda, iandike pia.

Tumia saa ya kupimia, kutoka kengele hadi kengele, usitegemee hisia. Kwenye televisheni ya Marekani, kipindi cha saa moja chenye matangazo ya biashara hubaki na dakika kama 44 za kipindi chenyewe. Gawa hizo 44: ngapi mapambano, ngapi promo, yaani maneno ya mwanamieleka ya kumchokoza mpinzani na kunadi pambano, ngapi watu kutembea kwenda ulingoni, ngapi marudio ya yaliyopita. Ukikuta marudio yamekula dakika 11, una jambo la kuandika ambalo hakuna orodha ya matokeo italisema. Kisha chagua pambano moja ulitazame bila sauti, na jingine ulisikilize bila picha. La bila sauti litakuonyesha kama miili inasimulia kitu bila kusaidiwa. La bila picha litakuonyesha kama watangazaji wanajua kazi.

Nije kwenye la mshindi kupangwa, maana ndilo linalowakwamisha wahakiki wengi. Mwisho wa filamu nao umeandikwa kabla, na hakuna anayeacha kuhukumu filamu kwa sababu hiyo. Tena adui na steringi ndio walewale, hata kama hapa wamevaa chupi za kung'aa. Unachohukumu ni kama kwa dakika 12 walikufanya uamini kuwa mambo yangeweza kwenda upande mwingine, na njia ya kulipima hilo ni kufuata gharama: kila kitu kinachofanywa ulingoni kimgharimu mtu baadaye.

Tuseme bingwa anatumia dakika nne kuushughulikia mguu wa kushoto wa mpinzani wake. Anaukanyaga nyuma ya goti, anaubamiza kwenye nguzo ya kona, anaukunja kwenye kamba ya pili mpaka refa anaanza kuhesabu tano za kumtaka aachie. Tazama kinachofuata. Mpinzani akinyanyuka, akapiga mbio kamba hadi kamba, akaruka teke kwa mguu uleule na kutua wima bila hata kuugusa, dakika nne zile zimemwagwa. Lakini akiruka, teke likampata bingwa, kisha yeye mwenyewe akaanguka ameshika goti, akatambaa kwa viwiko, akachelewa sekunde tatu kumlalia, na bingwa akanyanyua bega refa akiwa kwenye mbili na nusu, kabla ya ile tatu inayotoa ushindi, hapo umeona watu wanaoijua kazi. Goti limemnyima ushindi. Hivyo ndivyo uandike. Ukiandika "saikolojia ya ulingoni ilikuwa nzuri" msomaji hajaona kitu.

Kanuni za pambano nazo ni sehemu ya kisa, na kampuni ndogo huzitumia vizuri kuliko zinavyosifiwa. Mashindano ya mkanda wa Pure ya kampuni ya Ring of Honor mwaka 2020, aliyoshinda Jonathan Gresham, ni mfano safi. Kila mwanamieleka ana ruhusa ya kushika kamba mara tatu tu kujiokoa na mkabo au hesabu, na ngumi ya kufumbata usoni hairuhusiwi. Tazama kanuni hiyo inavyobadilisha maana. Katika pambano la kawaida, mtu akinaswa karibu na kamba ananyoosha mkono, anaachiwa, basi. Hapa kila kuigusa kamba ni akiba inayotumika. Aliyeitumia ya tatu mapema anatakiwa kupigana tofauti, akikwepa kukaribia pembeni, kwa sababu sasa hata akiikumbatia kamba kwa mikono yote miwili, mkabo haufunguliwi. Mhakiki anayehesabu kamba zile, na kuandika ya tatu ilitumika dakika ya ngapi na kwa nini, amemweleza msomaji pambano zima kwa sentensi mbili. Kipindi chako kikiwa na pambano la kanuni maalumu, la ngazi ya kupandia, la ndani ya wavu au lisilo na kuenguliwa kwa kuvunja kanuni, uliza kama kanuni ile ilihitajika. Pambano la ngazi ambalo ngazi haikuguswa hadi dakika ya 13 lina tatizo la upangaji, na wachezaji wala hawana kosa.

Mapambano ya wawili kwa wawili yana umbo lake la kale, na ni vema ulijue ili uone linapovunjwa kwa akili au kwa uzembe. Mashujaa huanza wakitamba, kisha mmoja anategwa na kutengwa kwenye kona ya maadui. Anapigwa, anajaribu kutambaa kwa mwenzake amguse mkono wabadilishane, anarudishwa. Anajaribu tena, safari hii mikono inagusana lakini refa alikuwa amegeuzwa mgongo, basi anakataa kuitambua. Ukumbi unachemka. Anapofanikiwa kweli, mwenzake anaingia kama gharika. Linaloharibika mara nyingi ni vitu vidogo. Mwenza aliye nje anazungumza na watazamaji badala ya kunyoosha mkono, au ameacha kile kikamba cha kona anachopaswa kukishika. Refa anageuzwa mgongo bila sababu ya kueleweka, akaonekana mjinga. Au kutengwa kumechukua dakika moja na nusu tu, kwa hiyo mwenza anapoingia hakuna aliyemkosa.

Mwisho wa pambano uandikie kwa ukali kuliko mwanzo. Kampuni ndogo ina wachezaji wachache na inaogopa kumshusha yeyote, ndiyo maana hukimbilia uvamizi: pambano linanoga, mtu wa tatu anaruka ulingoni, kengele inagongwa, hakuna aliyeshindwa. Mara moja ndani ya kipindi ni chachu. Mara tatu ndani ya saa moja ni kumwambia mtazamaji kwamba kungoja mwisho ni kupoteza muda. Wahesabu wavamizi na uiandike idadi. Kwa upande mwingine, usidharau pambano la dakika mbili ambamo jitu jipya linamkunja mtu asiye na jina. Kazi yake ni kututambulisha jitu, na utalipima kwa kumbukumbu. Ukiamka kesho, unakumbuka alimaliza kwa kitu gani? Kama hukumbuki, kazi haikufanyika, hata kama alishinda.

Linganisha aya mbili za pambano lilelile la kubuni. Ya kwanza:

"Waliokuja baadaye ni Buti Nyekundu na Kinyago. Walianza kwa kukabana, Buti Nyekundu akapiga makofi ya kifuani, Kinyago akajibu kwa teke la kuruka, wakatoka nje, wakarudi, Buti Nyekundu akambwaga kwa nyuma akapata mbili, Kinyago akapanda kamba ya juu akaruka akashinda. Pambano zuri. Nyota tatu."

Ya pili:

"Wiki mbili zilizopita Buti Nyekundu alimvua Kinyago nusu ya kinyago chake, kwa hiyo leo kila mshiko ulianzia usoni. Kinyago alipigana mkono mmoja ukiwa umeshika kamba za kinyago kisogoni, na mkono huo uliokosekana ndio uliomfanya abwagwe mara mbili mfululizo dakika ya tano. Dakika ya tisa aliacha kukishika. Kikafunguka nusu, ukumbi ukanyamaza, naye akapanda kamba ya juu hivyohivyo na kumaliza. Ushindi ulihitaji akubali kuonekana. Kilichoharibu ni kamera, ambayo katika sekunde ileile ilikwenda kwa watangazaji."

Ya pili ina vitendo vichache zaidi, lakini aliyeisoma anajua kilichokuwa kinagombewa. Zingatia pia kwamba lawama imetajwa mahali pake, sekunde moja, kamera moja. Lawama ya jumla jumla haimsaidii msomaji, na kampuni haiwezi kuirekebisha.

Hiyo ya kamera inatufikisha kwenye sehemu inayosahauliwa kuliko zote: unahakiki televisheni. Aliyekuwa ukumbini ameona kitu kingine. Kamera kuu huwekwa upande mmoja wa ulingo, juu kidogo, haihami, na wachezaji wanatakiwa kuukumbuka upande huo. Mwanamieleka anayemkaba mwenzake huku akiipa kamera kuu mgongo ameficha sura yenye maumivu, ambayo ndiyo kisa chenyewe. Kwa kampuni yenye watazamaji wachache kuna suala la ziada: wanapaswa kukalishwa upande unaoelekea kamera kuu. Ukiona viti vitupu nyuma ya ulingo na kelele zinatoka upande usioonekana, kosa ni la mpangaji wa ukumbi, na halihitaji fedha kurekebishwa.

Ngumi inayopita sentimita kumi kutoka shavuni ni ya watu wawili, aliyepiga na aliyeshika kamera. Kamera ya mkononi inayosimama nyuma ya bega la mpigaji huficha upenyo ule. Inayosimama pembeni kabisa huuanika. Vivyo hivyo mkataji picha. Akivuka mstari, yaani akatoa kamera ya upande huu na kuweka ya upande wa pili bila kutuandaa, waliokuwa wakikimbia kulia ghafla wanakimbia kushoto, na jicho linapotea kwa sekunde nzima. Akikata picha kila pigo linapotua, anaficha mapigo dhaifu lakini anachosha. Hesabu mikato katika dakika moja ya pambano kuu, kisha linganisha na dakika moja ya pambano la kwanza. Tofauti ikiwa kubwa, jiulize walikuwa wanaficha nini.

Sauti inadanganya zaidi ya picha. Ulingo ni fremu ya chuma, juu yake mbao, godoro jembamba, kisha turubai. Mlio mkubwa unaousikia mtu akianguka unatoka kwenye mbao hizo, na kipaza sauti kilichowekwa chini hukuza mlio huo. Kabla hujaandika kwamba "ukumbi ulikuwa umekufa", tazama midomo na mikono ya watu. Wakiwa wamesimama wanapiga makofi huku unasikia mnong'ono, vipaza sauti havikuelekezwa kwao. Na kinyume chake: kelele za uwanja mzima zikitoka kwa watu sitini waliokaa wamekunja mikono, sauti imepandikizwa. Ukubwa wa ulingo nao una neno. Kwa kawaida ni kati ya futi 16 na 20 kila upande. Ule wa futi 16, takriban mita 4.9, humfanya mtu mkubwa aonekane mkubwa zaidi, lakini hupunguza nafasi ya kukimbia, na mapambano ya watu wepesi warukao huonekana yamebanwa. Ulijue hilo kabla ya kumlaumu mrukaji.

Kisha kuna suala la kurekodi. Kampuni ndogo haiwezi kukodi ukumbi kila wiki, hivyo hurekodi vipindi kadhaa kwa usiku mmoja au siku mbili. Dalili zake ni rahisi. Shabiki yuleyule mwenye shati lilelile amekaa kiti kilekile wiki nne, na bandeji ya mkono wa bingwa ina doa lilelile ilhali mtangazaji anasema "tangu wiki iliyopita". Kurekodi hivyo si dhambi. Kunageuka tatizo pale kipindi cha nne cha usiku kinapopelekwa kwa watu waliokaa saa tatu na nusu na wamemaliza sauti zao. Mpangaji mwerevu huweka pambano zito mapema usiku na kulirusha wiki ya mwisho, au huwapa watazamaji kitu cha kuchekesha katikati ili wapumue. Ukiona wiki ya nne imepoa kila baada ya mwezi, umeupata mchoro ambao mhakiki wa kipindi kimoja kimoja hauoni. Jambo moja la adabu: matokeo ya usiku wa kurekodi yakivuja, usiyaingize kwenye uhakiki wa kipindi ambacho hakijarushwa.

Watangazaji uwapime kwa lile pambano ulilolisikiliza bila picha. Baada ya dakika tano unajua nani anashinda, kwa nini wanagombana, na kipi kitatokea akishindwa? Lance Russell alisifika kwa kusema kidogo na kwa utulivu, kiasi kwamba siku alipopandisha sauti mtu nyumbani alijua kuna jambo. Mtangazaji anayepiga kelele kuanzia dakika ya kwanza hana pa kupanda. Makosa mengine ya kawaida: wawili kuongea pamoja, kutaniana mambo yanayowachekesha wao tu, kutaja jina la kila mtupo bila kusema umemuumiza wapi, na kuzungumza juu ya promo inayoendelea. Hilo la mwisho halina msamaha.

Promo yenyewe ina maswali matatu: unamtaka nani, kwa nini, mtakutana wapi na lini. Anayeyajibu yote kwa sekunde 90 ni hazina. Anayetumia dakika sita kueleza kwamba yeye ni mkali kuliko wote, bila kumtaja mtu, amekula muda wa pambano zima. Nukuu sentensi moja aliyoisema, ile iliyobaki kichwani. Kama hakuna, sema haikuwepo.

Swali lako la bajeti lina jibu fupi: samehe umaskini, usisamehe uamuzi mbaya. Taa chache, pazia jeusi na meza ya kukunja si vya kupunguziwa alama. Ila hadithi isiyo na mwisho, mkanda usiotajwa wiki tatu na promo isiyosikika kwa sababu hakuna aliyejaribu kipaza sauti kabla ya kuanza haviletwi na ufukara. ECW ya Philadelphia ilirusha kipindi chake kuanzia 1993 kutoka jumba lililokuwa likichezewa bingo, mara nyingi mtangazaji akiwa mmoja tu, Joey Styles. Ule uchafu wa picha, ule ukaribu wa mashabiki na ulingo, wakaugeuza kuwa sura yao, hadi makampuni makubwa yakaiga. Kampuni ile ilikufa 2001 kwa madeni, lakini kipindi hakikuonekana cha bei rahisi. Kilionekana cha hatari. Kwa hiyo usikilinganishe kipindi chako na cha kampuni kubwa. Kilinganishe na vipindi vyake vyenyewe vya miezi mitatu iliyopita. Hapo hakuna atakayekulaumu kwa kuonea.

Nyota usizitupe, zina kazi ndogo. Mfumo huo ulianzishwa na Jim Cornette na Norm Dooley, ukaenezwa na Dave Meltzer katika jarida lake la Wrestling Observer. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa sifuri hadi tano, lakini pambano la Kenny Omega na Kazuchika Okada Tokyo Dome Januari 2017 lilipata sita, na la Juni 2018 likapata saba. Ukishaona hivyo unajua ni joto la mpimaji, wala si mizani ya dukani. Toa nyota kwa pambano ukitaka, lakini kipindi kizima kipe hukumu ya maneno, maana mapambano matatu ya nyota tatu na nusu yanaweza kukaa ndani ya saa isiyokufanya urudi wiki ijayo.

Kwa mgao wa maneno, uhakiki wa maneno 900 unaweza kukaa hivi: 120 za kumweka mgeni sawa, yaani nani ni nani na wiki iliyopita kulikuwa na nini, 350 kwa kile kipande kimoja kilichobeba kipindi, kiwe kizuri au kibovu, 250 kwa viwili au vitatu vinavyofuata, 100 kwa kamera, sauti na watangazaji, zinazobaki ni hukumu. Vipande vingine vyote viruke au uvipe nusu sentensi. Usifuate mpangilio wa hewani. Anza na kile ambacho ungemsimulia rafiki kwanza. Na usijaze nafasi kwa kueleza wewe ungepanga vipi. Mstari mmoja unatosha, aya tatu ni kipindi chako wewe.

Yapo machache ya haki kwa watu walio ulingoni. Watumie majina yao ya ulingoni, hata kama unayajua ya nyumbani. Kosa la wazi, mtu ameteleza kwenye kamba, litaje kwa sentensi moja, na useme walilifunika vipi, kwa kuwa kufunika kosa ni ufundi wenyewe. Kiti kikishushwa kichwani mwa mtu asiyeinua mikono kujikinga, usikisifu kama ujasiri: chuma kile ni cha kweli na mtikisiko wa ubongo hauigizwi. Refa akiinua mikono na kuipishanisha kama alama ya X, hiyo ni ishara inayotumika kuwaita watu kwa jeraha la kweli, ingawa nayo imewahi kutumiwa ndani ya hadithi. Andika ulichoona, usitangaze hali ya mtu, na usilipe pambano lililokatishwa hivyo nyota yoyote.

Karatasi zako za ahadi zihifadhi kwenye daftari moja. Kila wiki, kabla hujabonyeza kutazama, soma ahadi za wiki nne zilizopita na weka alama kwenye zilizotimizwa. Baada ya vipindi vinane au tisa utaona nani alitangazwa mgombea wa mkanda na hajawahi kupewa pambano lake, na ugomvi upi ulizimika bila maelezo kwa sababu mmoja wao alihama kampuni. Aya hiyo haiandikwi na mwingine yeyote, kwa hiyo iweke juu kabisa.